Bluu kwenye Vidole vya Mama

Mwezi uliopita niliingia duka moja pale Biharamulo mjini kununua sabuni, na binti wa dukani, bila kuulizwa, akaniwekea juu ya kaunta vipakiti vitatu vya bluu ya kufulia. "Chukua na hii, mama, inang'arisha." Nikamtazama vizuri. Mimi ni mtu wa kushuku. Watoto wangu hunitania kwamba hata mvua ikinyesha nauliza imetumwa na nani. Sikuona kwa nini binti nisiyemfahamu anihimize ninunue bluu. Lakini nilikuwa nimeshaishika, nikafungua pakiti moja nikainusa. Ina harufu ndogo sana, ya chaki iliyolowa. Nilisimama na ile pakiti puani mpaka binti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nikalipa sabuni yangu, bluu yake nikamwachia.

Nyie wa rika langu mnaijua. Siku hizo ilikuja kama vidonge vya mraba vilivyofungwa kwenye karatasi, na duka la kijiji halikukosa bluu hata lilipokosa vyote. Bibi yangu mzaa baba, tuliyekuwa tunaishi naye, hakuwa na neno la rangi hiyo kwa Kisubi chake. Anga kwake lilikuwa jeupe au jeusi, kutegemea na siku, na kaniki yake ilikuwa nyeusi tu. Neno bluu lilimfikia likiwa ndani ya karatasi ya dukani, na tangu hapo kila chenye rangi ya kile kidonge akakiita kwa jina lake, ila yeye alitamka bururu. Lori la misheni lilikuwa Bururu. Sketi yangu ya shule ilikuwa bururu. Mrututu, ule wa kuchoma vidonda sugu, aliuita bururu chungu, na vilima vya upande wa Ngara, vinavyoonekana asubuhi kabla jua halijapanda, vilikuwa bururu ya mbali. Hata dawa ya kupaka ya zahanati, ambayo kwa kweli ni zambarau na leo mnaiita jivii, kijiji kizima tuliiita dawa ya bluu.

Mimi nilizipenda zote na nilizijua kama mtoto mwingine anavyojua ndege. Nilijua bluu ya duka inatoka kwa maji matupu, na kwamba dawa ya bluu ikikupata kidoleni utakwenda nayo shule siku nne, tano, hata ujisugue kwa mchanga. Nisingeyajua hayo, huenda nisingefanya nilichofanya.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, si mbali sana na Runazi, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Aliyezoea kuishi peke yake katikati ya migomba yake alijikuta jirani anamsikia akipiga chafya. Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mama mmoja Mhangaza aliyetoka Ngara, mjane, jina lake Skolastika, ila hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Bluu. Yeye ndiye aliyetufundisha kuchanganya kidonge cha bluu kwenye udongo mweupe wa kupaka ukuta, na nyumba yake ilipokauka ilikuwa nyeupe kuliko kanisa. Ndiye pia aliyeanzisha kuchovya vifaranga kwenye maji ya bluu ili mwewe awaogope. Mwewe walipungua kweli, na faida nyingine ikawa kwamba katika kijiji kile cha nyumba zilizobanana kila mtu aliwatambua kuku wa Mama Bluu, wakitembea kijijini na rangi yao kama watu wenye cheo.

Alikuwa rafiki wa mama kuliko ndugu. Walikwenda pamoja kuni, kisimani na kwenye shamba la kijiji, na wakikaa kuchambua maharage walicheka mpaka bibi anauliza kuna nini. Mama Bluu alikuwa na mtoto mmoja tu, Gervasi, kijana mrefu aliyeweza kunibeba begani bila kuweka chini jembe lake. Vita ilipoanza Gervasi alichukuliwa na vijana wengine kwenda mstari wa mbele. Baba yangu, aliyekuwa mgambo, akapelekwa kulinda daraja huko njia ya Ngara, na tukawa tunamwona mara moja moja.

Vita yenyewe hatukuiona. Tuliyaona malori yakipita na askari wakiimba, tukachimba mahandaki nyuma ya shule, tukakatazwa kuwasha taa giza likiingia. Kilichotuingia ni shaka. Mwalimu wetu alisimama mbele ya darasa akasema, "Adui hana pembe. Anaweza kuwa anachota maji kisima kimoja na wewe." Akasema ndege za adui hazijui njia, zinaonyeshwa na watu walioko chini, wanaoweka alama kwenye mapaa. Akasema mtoto mwenye macho ni sawa na askari mmoja. Mimi nilikuwa na macho. Kuanzia siku hiyo nilimchunguza kila mtu: muuza chumvi aliyekuwa na kofia mpya, mzee aliyekojoa akitazama angani, hata padri.

Kisha nikamwona Mama Bluu akinunua bluu. Dukani hakukuwa na sabuni tangu mwezi uliopita. Tulikuwa tunafulia majivu na majani ya mpapai. Nilikuwa kwenye foleni ya chumvi, yeye mbele yangu, akaomba vidonge kumi na viwili. Mwenye duka akafurahi kupunguza mzigo wake, wala hakuuliza. Mimi nikajiuliza. Bluu bila sabuni ni ya nini? Ukuta wake ulikuwa umepakwa Krismasi. Vifaranga hakuwa nao wakati ule, kuku wake walikuwa wakubwa wote.

Siku mbili baadaye nikaona maji ya bluu yakitiririka kutoka nyuma ya nyumba yake, mengi, yakaingia kwenye mfereji na kupita mbele ya mlango wetu. Nikajifanya natafuta kuni nikazunguka kule nyuma. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa limefungwa, na joto lile. Mama Bluu mwenyewe alikuwa barazani mbele, nilikuwa namsikia akimsalimia mtu anayepita. Na ndani ya chumba mtu akakohoa. Kikohozi cha mwanaume, kinachozuiwa kwa mkono. Nilikimbia mpaka nyumbani na sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na hakika. Mtu anayeshuku hapendi kuchekwa.

Hakika ikaja kwa njia ambayo sikuiomba. Mama alinipeleka zahanati. Sikuwa naumwa. Njiani akaniambia nikiulizwa niseme nina vidonda mdomoni, na mganga alipotaka kuangalia, mama akasema, "Huyu anauma watu akifunguliwa mdomo, baba, nipe tu dawa nitampaka nyumbani." Wakacheka. Tukapewa kichupa cha dawa ya bluu. Nilisubiri kupakwa. Sikupakwa leo, wala kesho. Kichupa sikukiona tena pale nyumbani, na mama akaanza kwenda kwa Mama Bluu na chungu kidogo kilichofunikwa jani la mgomba. Chungu kilikwenda kizito na kurudi chepesi.

Kisha nikaviona vidole vyake. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo, mkono wake wa kulia ukaingia kwenye sahani, na vidole vitatu vilikuwa vya bluu mpaka kwenye kucha.

"Mama, umeshika nini?"

"Bluu ya Mama Bluu. Nimemsaidia kuchanganya udongo wa ukuta."

Alisema bila kunitazama, akaendelea kumega tonge. Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani nikaomba kipande cha kidonge kilichovunjika, nikakiloweka mate nikajipaka vidole vitatu, nikaenda kisimani nikanawa. Bluu ikaondoka yote. Nikarudi nyumbani, nikavitazama vidole vya mama alipokuwa anafua kwa majivu, mikono ndani ya maji mpaka kwenye viwiko. Bado ni vya bluu. Siku ya tatu bado ni vya bluu. Mama yangu alikuwa amenidanganya.

Nawaomba msinicheke, ingawa mimi mwenyewe nimewahi kucheka. Nilikuwa na miaka minane na nilipanga yote vizuri kabisa. Mle ndani kuna adui. Mama Bluu ananunua bluu ya kuweka alama kwenye mapaa, lakini bluu ya duka inafutwa na mvua, ndiyo maana wametafuta dawa ya zahanati isiyofutika. Mama yangu ndiye aliyetumwa kuileta, na mimi na mdomo wangu mzima ndio tuliotumika. Nililala nikiona paa la shule lina duara la bluu. Kilichonitisha zaidi hakikuwa bomu. Niliogopa kwamba siku wakigundulika, mama atafungwa kamba pamoja na yule mwanamke, na baba mgambo ndiye atakayeshika kamba.

Kwa hiyo nikaamua kumwokoa mama. Niliona njia moja tu: Mama Bluu aondolewe mapema, peke yake, kabla mtu mwingine hajaviona vidole vya mama.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Zakaria, mtu mpole kuliko cheo chake. Nilimkuta mchana amekaa kwenye kigoda anaziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Kadia. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Sasa mbona umesimama kama mwenye njaa? Peremende sina."

"Mama Bluu ananunua bluu na sabuni hakuna."

Akacheka, akaendelea kupaka solosheni kwenye mpira. "Anapaka ukuta huyo. Kwani humjui?"

"Hajapaka. Anamwaga maji ya bluu nyuma ya nyumba. Na dirisha la nyuma halifunguliwi. Na kuna mwanaume anakohoa."

Hapo akauweka mpira chini. Akanitazama, kisha akatazama upande wa nyumba yetu, nami nikajua anafikiria nini.

"Nani mwingine anaingia pale?"

"Hakuna."

"Mama yako na Skolastika ni chanda na pete."

"Haendi siku hizi," nikasema. "Waligombana. Mama amesema hataki kumwona, anajua anachokificha."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka kama nimeyakariri. Balozi akatikisa kichwa polepole, akaniambia nimefanya vizuri, nikaondoka nikiwa nimejaa sifa mpaka kooni.

Walikuja kesho yake asubuhi, watu wazima wakiwa kwenye shamba la kijiji. Mgambo sita na Balozi, lori lao limesimama barabarani. Mimi nilikuwa nimebaki kumwangalia bibi, kwa hiyo niliona kila kitu nikiwa mlangoni kwetu. Mama Bluu alikuwa nyumbani. Hakupiga kelele. Alijaribu tu kusimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili, na mmoja akamsogeza pembeni kwa adabu kama mtu anayesogeza pazia. Wakaingia. Wakatoka na mtu wamemshika makwapa.

Alikuwa Gervasi. Amekonda, ndevu zimemtoka ovyo, amevaa shati lililoshonwa kwa mkono kutokana na shuka, limetiwa bluu ya duka kwa mabaka, hapa imekolea na pale nyeupe. Nilielewa vile vidonge kumi na viwili. Alikuwa amerudi na nguo za jeshi, na mama yake alitaka amvishe kitu kisichong'aa mtu akichungulia dirishani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, na kuanzia kwenye goti mpaka kwenye kisigino ulikuwa umepakwa dawa ya bluu, kwa uangalifu, kama anavyopaka mtu mwenye huruma. Nikaona alama za vidole vitatu pembeni ya kidonda. Nilivijua vidole vile.

Kama alikuwa na karatasi ya ruhusa au alitoroka, mpaka leo sijui, na waliodai kujua siwaamini. Alinitazama akapitisha macho, alikuwa anaumwa.

Watu walianza kurudi mbio kutoka shambani. Mama alikuwa wa mbele, jembe begani, na alipoona alisimama ghafla mpaka aliyemfuata akamgonga. Mkono wake wa kulia ukaingia ndani ya khanga. Balozi alikuwa anamuuliza Mama Bluu, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Nani alikuwa anakusaidia, Skolastika? Dawa hii nani alikuletea?"

"Nimefanya mwenyewe."

"Sema kweli, usaidike."

"Nimesema nimefanya mwenyewe. Mtoto ni wangu, kidonda ni changu."

Balozi akapumua. Nadhani alitaka kumtuliza, au alitaka kuisafisha nyumba yetu mbele ya mgambo, maana alikuwa anampenda baba. Akasema, "Unaona sasa? Hata rafiki yako Mama Kadia alikukimbia. Alijua unachokificha humu ndani."

Mama Bluu akageuka, akamtafuta mama kwenye kundi la watu, akampata. Mama akafungua mdomo. Angesema neno lolote, lolote lile, angekuwa amejipeleka mwenyewe, na mimi na bibi tungebaki na nani. Akaufunga. Mama Bluu alimtazama mpaka lori lilipoondoka na Gervasi, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuwa amemtaja. Alikuwa anaamini mama ndiye aliyemuuza, na bado hakumtaja.

Jioni ile mama alikaa jikoni muda mrefu bila kupika. Kisha akaniita.

"Balozi amesema tuligombana, mimi na Mama Bluu. Nani alimwambia?"

"Sijui, mama."

"Kadia."

"Sijui."

Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza juu chini kana kwamba anatafuta uchafu. Kwenye ukucha mmoja palikuwa na chembe ya bluu ya duka, ile niliyojijaribia. Akaitoa kwa ukucha wake. "Haya," akasema, "leta kuni." Hakuniuliza tena maisha yake yote, na mimi, ninayeshuku kila mtu, sijawahi kuamua kama alijua. Siku nyingine naona hakika alijua. Siku nyingine naona nimejitungia tu, ili nisiwe peke yangu.

Vita ikaisha, vijana wakarudi na nyimbo, kijiji kikachinja. Gervasi hakurudi. Wengine walisema mguu ulioza njiani, wengine wakasema alirudishwa mbele na kufia huko. Mama alikwenda kwa Mama Bluu mara tatu ambazo nazijua, na mara zote tatu alisimama nje ya mlango uliofungwa. Wakikutana kisimani, Mama Bluu alikuwa anamwaga maji aliyokwisha kuteka na kuondoka na ndoo tupu, asichangie naye. Msimu uliofuata hakupaka nyumba. Msimu wa pili alirudi kwao Ngara na kuku wake ndani ya tenga.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na ningeweza kumwambia yeyote kati yao wawili. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikapanda basi la kwenda Ngara zaidi ya mara moja kwa shughuli zangu. Kila mara nilijiambia kwamba yule mama lazima atakuwa ameshakufa. Nilikuwa naogopa kuuliza.

Tulimzika mama mchana wa jua kali. Watu walikuwa wameshaanza kutupia udongo niliposikia minong'ono, na njia ikafunguliwa. Bibi kizee mmoja alikuwa anakuja, amejipinda, ameshikwa mkono na binti wa ndugu yake. Nilimtambua Mama Bluu kwa namna alivyosimama. Aliinama kwa shida, akachukua udongo, akakaa nao mkononi muda mrefu kuliko watu wengine.

"Yewe Mama Kadia," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu wote walikuwa wamenyamaza. "Nimekuja kukuambia yameisha. Nenda salama. Nimekusamehe."

Akaumwaga udongo. Kisha akauliza yuko wapi Kadia, wakamleta kwangu. Akanipapasa uso kwa viganja vyake vyenye vumbi la kaburi. Nikamwamkia, akaitika.

"Mama yako alinikosea jambo moja, mwanangu. Wewe ulikuwa mdogo, hukulijua. Nimelitoa moyoni leo, mbele za watu, ili lisije likakufuata wewe na watoto wako. Umesikia?"

Ndugu zangu wote walikuwa wanatutazama. Baba, mzee sasa, alikuwa ameketi kwenye kiti, anatutazama. Kaburi lilikuwa bado halijajaa.

"Nimesikia," nikasema. "Asante, mama."